Muhtasari wa Kikao cha Bomba

Fomu ya wilaya ina safu mbili tu:
Wanaokubali. Wasiokubali.
Mimi katibu, Issa Nampembe, nina kalamu moja
inayovuja, na watu arobaini na sita
ndani ya ghala la korosho, msimu haujafunguliwa,
wamekalia magunia matupu chini ya mizani
inayoning'inia bila kupima kitu.

Mwaka ule wa kisima tulinyoosha mikono.
Ishirini na tano kwa ishirini na mmoja.
Tukapiga makofi, tukaenda kula.
Wale ishirini na mmoja hawakupiga kelele;
hawakuchangia tu.
Pampu ilipokatika mkanda
zilikosekana elfu themanini,
na sisi washindi tukarudi bondeni
saa nane za usiku, ndoo kichwani,
tukiupanda mlima wa Newala na ushindi wetu.

Ndiyo maana leo hakuna mikono.
Leo neno linazunguka kama kata ya maji:
unapiga funda, unampa wa pembeni.

Bomba ni moja. Pesa ni za bomba moja.
Chitanda anataka liwe mbele ya duka lake:
"Pana taa, pana ulinzi."
Bodaboda wanataka njia panda. Walimu, shuleni.
Asumini Likwata hataki popote
inapofika taa ya Chitanda,
kwa sababu anayoijua yeye na daftari la mikopo.
Tulicheka. Chitanda naye alicheka, kwa kuchelewa.

Kufikia saa sita njia panda ilikuwa inaelekea kupita.
Kata ikazunguka, "haya," "haya,"
"mimi sina neno," "na iwe,"
ikamfikia Somoe Nankanga.

Somoe akanyamaza.
Akautazama mguu wake wa kushoto,
uliokonda tangu utotoni.
"Mdomo wangu umekubali," akasema.
"Mguu bado."

Kuna aliyeguna. Kuna aliyesema
watu arobaini na tano hawamngoji mmoja.
Jua likahama kutoka gunia hadi gunia.
Nami, niseme kweli, muhtasari ni wangu,
nilikwisha kuandika arobaini na tano,
nikaibakiza moja,
nikaona si nyingi.

Ndipo Fatu Mkwemba, aliyekuwa mlangoni akikoroga uji,
akauliza bila kugeuka:
"Huo mguu unataka nini?"

"Twendeni," Somoe akasema. "Kwa mwendo wangu."

Tukatoka. Kikao kikawa njia.
Watu arobaini na watano nyuma ya ndoo moja iliyojaa,
wepesi wakikanyagana visigino
kwa kutozoea kwenda polepole.
Nikauona mteremko wa njia panda,
mchanga mwekundu ambao pikipiki haiujui,
nikaona anaposhika mti, maji yanapomwagikia shingoni.
Kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono aipokee ndoo.
"Kesho utakuwepo?" Somoe akamuuliza.
Mkono ukarudi mfukoni.

Penye mkorosho uliokatika nusu,
hatua mia na ishirini kabla ya njia panda,
akatua.
Hakusema hapa. Alitua tu, akapumua.
Tukasimama, mabibo yakinuka chini ya miguu,
neno likazunguka upya.

Chitanda alikuwa wa mwisho.
"Sijapapenda," akasema. "Niandikwe hivyo.
Taa hapana. Lakini sizuii,
na mfuko mmoja wa saruji nitatoa."
Somoe akamtazama kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akaitikia kwa kichwa.

Sasa ni usiku, fomu iko mezani.
Wanaokubali: Chitanda ni mmoja, au nusu?
Wasiokubali: sifuri ni uongo,
moja ni uongo mkubwa zaidi.
Wino umenipaka kidole gumba.
Nimeziacha safu zote mbili wazi,
na pembeni, kwa herufi ndogo, nimeandika:
Tulianza saa tatu. Tulimaliza saa kumi.
Ndoo ilifika ikiwa na robo tatu.